Chujio Limesafishwa, Samaki Wamekufa: Nani Ashtakiwe?

Jioni samaki walikula vizuri. Chujio likafunguliwa, likasuguliwa mpaka likatakata, likarudishwa mahali pake. Kulipopambazuka samaki walikuwa wanaelea matumbo juu. Mashtaka yanayofuata huwa mepesi: aliyesafisha ndiye aliyeua.

Kesi ya namna hii husikika zaidi kwa wanaofuga samaki wa baharini kwenye matangi ya kioo, wale samaki wa rangirangi wanaotoka matumbaweni. Hapa Ifakara tuko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na chumvi inayofika huku ni ya mboga. Hata hivyo perege na kambale wa matangi ya saruji nao siku hizi wana pampu na mapipa ya kuchujia, na wanaweza kumalizika usiku mmoja kama wenzao wa pwani. Kwa hiyo nimeiita kesi hapa bondeni Kilombero, mbele ya wasemaji watano. Ni sauti nilizozitunga ili hoja zigongane, ndiyo maana hazina majina: Mfugaji, mama mwenye matangi; Fundi wa pampu; Mpwani, kijana aliyewahi kuwatunza samaki wa matumbawe huko Mombasa wakisubiri kusafirishwa ng'ambo kwa ndege; Mpimaji, binti wa maabara; na Mzee, mvuvi wa Kindamba ambaye hajawahi kumiliki chujio na haoni kwa nini amiliki.

MFUGAJI: Shikamoo mzee. Hamjambo wengine. Nianze mimi, maana hasara ni yangu. Tangi langu ni la lita 5,000, perege na kambale pamoja. Maji yanatoka chini, yanapita kwenye pipa lenye sponji na kokoto, yanarudi juu. Pipa lilikuwa linanuka na maji yanapita kwa shida. Jumamosi nikasema leo nalifanyia usafi wa haja. Sponji nikazifua, kokoto nikazianika juani, pipa nikalisugua. Nikapunguza maji ya tangi nusu, nikajaza mapya. Saa 11 alfajiri perege wangu wakubwa wote wamekwisha. Sasa niambieni kosa la mtu msafi ni lipi.

MPWANI: Pole sana, mama. Kosa ni huo usafi wenyewe. Ule utelezi wa kahawia ulioutoa ndio chujio. Sponji na kokoto ni makazi yake tu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua saa zote, hata asipokula. Kwenye ule utelezi kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Ukizifua sponji na kuanika kokoto, umewaua hao, na samaki wanabaki wakiogelea ndani ya taka zao wenyewe. Tena hawarudi kwa siku moja. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 8 kabla bakteria hawajatosha, na la maji ya chumvi mara nyingi hukawia zaidi.

FUNDI: Kaka, uchafu ni uchafu. Nimefungua pampu zilizoungua kwa sababu mwenyewe aliambiwa asiguse tope. Sponji ikiziba, maji hayapiti. Maji yasipopita, hao wadudu wako nao watapumua nini?

MPWANI: Sijasema usisafishe. Nimesema usisafishe mpaka uue. Chota ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamulia sponji humo mara mbili tatu, rudisha. Leo nusu, nusu nyingine baada ya wiki mbili. Kokoto usizianike.

MPIMAJI: Naomba niingie hapo. Kaka yangu amesema kweli juu ya utelezi. Hata sayansi ilichelewa kuuheshimu. Sergei Winogradsky alionyesha kazi ya bakteria hao mwaka 1890, na watu wakadhani kitabu kimefungwa. Mwaka 2005 watafiti wakatangaza kiumbe mwingine kabisa anayekula amonia, wa ukoo wa akea, si bakteria. Walimpata kwenye tangi la samaki wa bahari ya joto katika jumba la samaki la Seattle, Marekani, wakamwita Nitrosopumilus maritimus. Alikuwa akifanya kazi yake humo bila mtu kumjua. Kwa hiyo utelezi una hadhi yake. Lakini kwa kifo hiki hasa, mimi naukataa ushahidi wa kaka. Saa hazilingani.

MPWANI: Hazilingani vipi?

MPIMAJI: Tupige hesabu. Mama, samaki wako wanakula kiasi gani?

MFUGAJI: Kama nusu kilo kwa siku.

MPIMAJI: Kila gramu 100 za chakula huzaa takriban gramu 3 za nitrojeni ya amonia. Nusu kilo ni gramu 15 kwa siku. Zigawanye kwenye lita 5,000, ni miligramu 3 kwa lita kwa siku nzima. Toka jioni mpaka alfajiri ni miligramu 1.5 hivi, tena katika maji ambayo nusu yake ni mapya. Na amonia yote si sumu sawasawa. Iko ya aina mbili, na inayoua ni ile inayopenya matamvua. Kwenye maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 28, aina hiyo haifiki hata asilimia 1. Maana yake mama alikuwa na miligramu 0.01 ya sumu halisi kwa lita. Perege hafi kwa hiyo.

MPWANI: Kwenye maji ya bahari hesabu hiyo inageuka.

MPIMAJI: Inageuka sana. Bahari ina pH ya 8.1 hivi. Kwa joto lile lile, asilimia 6 hadi 7 ya amonia inakuwa ya aina inayoua. Kosa moja, kiasi kimoja cha amonia, na makali yamepanda mara tisa au kumi. Kaka ameyaona hayo huko kwao, ndiyo maana kila kifo anakipa jina hilo hilo.

Hapa nami nakiri: Mpimaji ameshinda kwa hoja ya saa. Wanaoandika juu ya ufugaji wa matangi hurudia habari ya bakteria kila samaki anapokufa, na habari yenyewe ni ya kweli, ila inahitaji muda. Amonia hupanda siku ya kwanza mpaka ya nne. Nitriti, kwa maji yasiyo na chumvi, hufuata baada ya wiki moja au mbili. Samaki aliyekufa saa 2 baada ya pampu kuwashwa, au aliyekufa alfajiri ya usiku ule ule, ana mashtaka mengine. Mtu akikuambia samaki wamekufa baada ya usafi, swali la kwanza ni baada ya saa ngapi.

FUNDI: Basi mimi nina swali. Mama, hayo maji mapya uliyajaza kutoka wapi?

MFUGAJI: Bombani.

FUNDI: Yalikuwa na dawa?

MFUGAJI: Yananuka dawa, ndiyo. Masika haya kila mtu anaogopa kipindupindu.

FUNDI: Basi tumemaliza. Klorini.

MPIMAJI: Fundi ana hoja. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika bombani yawe bado na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita. Kiasi hicho kinachomlinda mtoto kinaunguza matamvua ya samaki, na kinaua wale wa kwenye sponji pia. Nusu tangi ya maji hayo kwa mkupuo ni hatari. Mama angeyaacha kwenye mapipa ya wazi siku moja mbili, huku yakitikiswa, au angetia sodiamu thaiosalfeti kwa kipimo. Ila nauliza: klorini huua saa ngapi?

FUNDI: Mara moja.

MPIMAJI: Mama, jioni baada ya kujaza, walikuwaje?

MFUGAJI: Walichangamka. Saa 3 usiku niliwatupia chakula kidogo, wakala.

MPIMAJI: Samaki anayeungua matamvua hali chakula. Klorini siifuti kabisa, maana huenda iliwadhoofisha, lakini haiwi mshtakiwa wa kwanza.

MZEE: Wajukuu zangu, mnaongea kana kwamba samaki walianza kufa mlipoleta pampu. Niulizeni mimi. Kiangazi kikiwa kirefu, maji yanabaki kwenye madimbwi ya pembeni, yanatuama, yanakuwa meusi. Mvua za kwanza zikishuka, maji yale yanasukumwa mtoni. Siku hiyo perege wanakuja juu midomo wazi, watoto wanawaokota kwa mikono. Nani alisafisha nini? Mto wenyewe ndio umejisafisha.

MPIMAJI: Mzee ametaja jambo lililoandikwa. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari za Mto Mara, upande wa Kenya, wenye viboko zaidi ya 4,000. Kinyesi chao kinatuama kwenye mabwawa wanakolala, kinaoza, kinamaliza oksijeni. Mafuriko yakija, maji yale yanasukumwa chini na samaki wanakufa kwa kukosa pumzi. Hakuna kiwanda wala mtu mwenye brashi.

MZEE: Viboko hata Kilombero wapo. Ningewaambia bure.

MFUGAJI: Lakini Mara ile ya Tanzania, Machi 2022, maji yalipokuwa meusi na samaki kufa, kamati ya serikali si ilisema ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza? Watu walicheka. Wengi walisema ni sumu ya mgodini, wakubwa wanaficha.

MPIMAJI: Walicheka, na siwalaumu wote. Mtu aliyezoea kufichwa haamini hata anapoambiwa kweli. Kwa upande wa maumbile, maelezo ya kuoza na kukosekana oksijeni yanawezekana kabisa, Mzee ameyashuhudia bila kamati.

MZEE: Mimi sikusema mgodi hauui. Nimesema maji yaliyotuama yanaua. Yote mawili yanaweza kuwa kweli mahali pawili.

Nimeiacha sehemu hii kwa sababu inagusa tatizo lile lile la tangi la mama, kwa ukubwa wa mto. Samaki wakifa kwa wingi kila mtu huja na mshtakiwa aliyemleta kutoka nyumbani. Fundi huja na klorini, Mpwani na bakteria, mwanakijiji na mgodi, serikali na ng'ombe. Maiti wenyewe hawaulizwi, na wana mengi ya kusema.

MPIMAJI: Mama, kambale nao walikufa?

MFUGAJI: Kambale wazima. Wawili tu ndio walilegea. Wengine walikuwa wanapanda juu na kushuka.

MPIMAJI: Na perege wadogo?

MFUGAJI: Walibaki kadhaa, wamejibana pale yanapoingilia maji.

MPIMAJI: Ndiyo hapo. Kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua, kina matawi kama ya kichaka, anavuta hewa ya juu ya maji moja kwa moja. Perege hana. Maji yakiishiwa oksijeni, perege anakufa na kambale anaendelea kupanda na kushuka. Ila vifaranga wachanga wa kambale, katika majuma ya mwanzo, kiungo hicho hakijaota, nao hufa sawa na wengine. Tena oksijeni ikiisha hutangulia wakubwa, kwa sababu mwili mkubwa una mahitaji makubwa. Sumu mara nyingi hutangulia wadogo. Na oksijeni huwa chini kabisa alfajiri. Mama ametupa dalili tatu, zote zinaelekea upande mmoja.

FUNDI: Pampu ilikuwa inawaka lakini?

MFUGAJI: Umeme ulikatika saa 4 usiku. Ulirudi kumekucha.

(Hapa Fundi aliguna. Bonde la Kilombero lina mitambo ya Kidatu, megawati 204, na Kihansi, megawati 180, na bado mfugaji anayeishi kati yake hana budi kununua jenereta.)

FUNDI: Mama, hilo ungelisema mwanzo.

MFUGAJI: Niliulizwa kuhusu chujio.

MPIMAJI: Na ulipopunguza maji nusu, tope la sakafuni lilitibuka?

MFUGAJI: Maji yalikuwa kama uji wa ulezi. Nikasema yatatulia.

MPIMAJI: Tope lililotibuka linaendelea kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Kwa nyuzi 28 maji yasiyo na chumvi hushika oksijeni miligramu 7.8 tu kwa lita, yakijaa kabisa. Umetia tope, umewalisha saa 3 usiku, halafu pampu ikazimika saa 4. Kufikia saa 11 kilichobaki hakikutosha perege wakubwa.

MPWANI: Kwa maji ya chumvi kingeisha mapema zaidi. Joto hilo hilo, bahari hushika miligramu 6.4 hivi. Na sisi tuna adui mwingine ambaye nyinyi mnamwona mara chache. Maji ya bahari yana salfeti gramu 2.7 kwa kila lita. Chujio letu ni la kopo lililofungwa. Umeme ukikatika, wale wa kwenye utelezi wanaendelea kupumua, na kugeuza gramu 1 ya nitrojeni ya amonia wanatumia zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Ndani ya kopo oksijeni inaisha kwa saa chache. Wanaingia bakteria wa aina nyingine wanaotumia salfeti, wanatoa gesi inayonuka yai viza. Umeme unarudi saa 8 usiku, pampu inawaka yenyewe, inasukumia gesi hiyo tangini. Asubuhi hakuna aliyebaki. Mwenye tangi anasema, jana nilisafisha chujio. Kweli alisafisha, lakini aliyeua ni swichi iliyoachwa imewashwa.

FUNDI: Kwa hiyo umeme ukirudi?

MPWANI: Fungua kopo, nusa, mwaga maji yake yote, ndipo uwashe. Kama nyumbani hakuna mtu wa kufanya hivyo, bora pampu isiwake yenyewe.

Huyu Mpwani nilikuwa nimeanza kumwona ni mtu wa jibu moja. Kwa hoja hii ya kopo amerudi kitini. Maji ya chumvi yana pH ya juu, oksijeni pungufu na salfeti tele, na kila kimoja kinalifanya kosa lile lile la usiku mmoja liue haraka zaidi. Faida moja tu yanayo, nayo ikaletwa na mama mwenyewe.

MFUGAJI: Jirani aliniambia nitie chumvi ya mawe, samaki watapona.

MPIMAJI: Jirani hakukosea yote. Nitriti huingia mwilini kupitia matamvua kwa mlango ule ule wa kloraidi, ikifika kwenye damu inaigeuza kahawia na haiwezi tena kubeba oksijeni. Ukitia chumvi, kloraidi inajaza mlango. Samaki wa baharini anaogelea kwenye gramu 19 za kloraidi kwa lita, ndiyo maana nitriti haimtishi sana. Lakini chumvi haizuii amonia, na oksijeni inaipunguza kidogo. Kwa usiku ule isingekusaidia.

FUNDI: Ngoja kwanza. Kuna jambo nililiona kwenye picha ya tangi. Mama, mdomo wa bomba la kuingizia maji umefungwa nini?

MFUGAJI: Kipande cha chandarua. Kuzuia majani.

FUNDI: Kipya?

MFUGAJI: Cha zamani kilichanika, nikafunga kingine siku hiyo hiyo. Cha kutoka kliniki.

Wote walinyamaza, na wana sababu. Bonde hili limejulikana kwa vyandarua kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ulivisambaza Kilombero na Ulanga, enzi ambazo mtu alikichovya mwenyewe kwenye dawa na kuonywa asimwage mabaki mtoni wala bwawani. Vya sasa vinatoka kiwandani na dawa yake ndani ya nyuzi. Dawa hizo, pairethroidi, humsumbua binadamu kidogo tu, ila kwa samaki ni kali hata zikiwa maikrogramu chache kwa lita. Ni hizo hizo zilizomo kwenye makopo ya kupulizia mbu, na pampu ya hewa iliyowekwa chumbani hunyonya kilichopulizwa na kukipeleka tangini.

FUNDI: Basi nabadili mashtaka. Chandarua.

MPIMAJI: Kingetangulia kuua wadogo, na viluwiluwi vya mbu humo tangini vingekufa pia.

MFUGAJI: Viluwiluwi sikuangalia.

MPIMAJI: Wadogo walibaki, kwa hiyo nakipa nafasi ndogo. Kambale kubaki hakunisaidii sana hapa, maana kambale ni sugu hata kwa mengine. Siwezi kukifuta. Ningekuwa na chupa ya maji ya usiku ule ningekijibu.

MFUGAJI: Maji niliyamwaga yote. Nilikuwa na hasira.

Kwa mama huyu, basi, Jumamosi moja ilibeba sponji zilizofuliwa, kokoto zilizoanikwa, nusu tangi ya maji yenye dawa, tope lililotibuliwa, chandarua kipya na chakula cha usiku, umeme ukamalizia. Mpimaji anaamini ni oksijeni, nami naamini hivyo. Lakini haamini kwa ushahidi wa kupima, anaamini kwa kambale.

Bonde hili limewahi kupata kesi ya namna hiyo hiyo iliyosikika dunia nzima, na nashangaa kwamba wafugaji hawaifundishi. Ni ya vyura wa Kihansi. Chura yule mdogo, anayezaa watoto badala ya kutaga, alijulikana kwa sayansi mwaka 1996, na makazi yake yalikuwa ni ule ukungu wa maporomoko ya mto Kihansi, kwenye mteremko wa Udzungwa unaoangukia Kilombero. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji mengi ya maporomoko yakachepushwa na ukungu ukakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kupelekwa Marekani ili wasipotee. Korongoni ukafungwa mfumo wa mabomba ya kunyunyizia maji, nao wakashikilia uhai kwa ukungu wa kutengenezwa.

Halafu ukaja mwaka 2003. Mfumo wa kunyunyizia uliharibika wakati wa kiangazi. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu, unaoua vyura katika mabara mengi, ukaonekana. Na malango ya bwawa yakafunguliwa kwa muda mfupi ili kusukuma nje tope lililojikusanya nyuma ya ukuta, tope lililokuwa na viuatilifu vya mashamba ya mahindi ya juu. Mambo matatu kwa msimu mmoja. Januari 2004 walionekana vyura watatu tu. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hawapo tena, na kama wale wa Marekani wasingekuwepo kusingekuwa na wa kurudishwa korongoni mwaka 2012.

FUNDI: Hapo mimi naona wazi. Walifungua tope. Ndiyo chujio lile lile la mama, la zege.

MPIMAJI: Ugonjwa ulipatikana kwenye miili ya vyura, Fundi. Si wa kubuni.

MPWANI: Na mabomba yaliyoharibika je? Mnyama aliyekauka ngozi hupatwa na ugonjwa upesi.

MZEE: Sasa mnaona. Mmekuja watatu na majibu matatu, na kila mmoja ana sehemu ya kweli.

Wataalamu wenyewe wamebishana kwa miaka, na hawakuzembea. Wangeweza kulijua jibu kama mambo yale matatu yangetokea miaka mitatu tofauti. Hapa ndipo ninapotofautiana na Mpwani, ingawa ushauri wake ni ule ule wangu. Yeye anasema usisafishe vyote siku moja ili bakteria wasife. Mimi nasema hivyo hivyo, lakini kwanza ili kesho samaki wakifa ujue kwa nini. Sponji leo. Maji wiki ijayo, robo tu, si nusu. Chandarua siku nyingine, na kisiwe cha kliniki.

MFUGAJI: Mnataka nisafishe mwezi mzima?

MPWANI: Ndiyo, mama. Kidogo kidogo, mwezi mzima, kila mwezi.

MZEE: Ndiyo maana sikununua.

Hukumu yangu: chujio la mama halina hatia ya kifo cha alfajiri ile, ingawa wiki iliyofuata perege wachache waliobaki walikuwa hatarini kweli, kwa maana bakteria walikuwa wamekwisha na amonia inapanda. Angepunguza chakula mpaka nusu au kuacha kabisa kwa siku kadhaa, angebadilisha maji kidogo kila siku, na angeomba sponji moja iliyotumika kwa jirani mwenye tangi lisilo na ugonjwa. Mwenye tangi la bahari afanye vivyo hivyo, ila kwa haraka zaidi, kwa sababu pH yake haimpi siku za kufikiri.

Nawe msomaji mwenye tangi, ukiwakuta wamekufa, usimwage kwanza. Rudisha hewa majini kwa namna yoyote, hata kwa kuchota na kumimina kwa ndoo kama umeme haupo. Jaza chupa safi mpaka mdomoni, ifunge bila kuacha hewa, iweke penye baridi. Chukua samaki wawili wanaokufa, si walioanza kuvimba, uwafunge kwenye barafu. Andika saa uliyowakuta, walioanza kufa ni wakubwa au wadogo, wa aina gani walibaki, na kila ulichokigusa siku tatu zilizopita, pamoja na usichodhani kinahusu samaki. Mpelekee afisa uvuvi wa halmashauri siku hiyo hiyo.